Mgeni Asiyepewa Jembe

Mtaani kwake walimwita Dobi, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyeona kuwa ni kukosa adabu, maana hata yeye akijitambulisha hakutumia jina jingine. Alikuwa na miaka sabini na saba. Alipanga vyumba viwili vinavyotazama barabara: cha nyuma alilala, cha mbele alipiga pasi nguo za watu, na katika miaka arobaini na mitatu aliyokaa hapo alikuwa amejifunza kumjua mtu kwa kola yake. Kola iliyochakaa upande mmoja ni ya mtu anayegeuza shingo kusikiliza mambo ya wenzake. Kola nyeupe kupita kiasi ni ya mtu aliyeoa juzi, au anayetafuta kuoa tena. Juu ya meza yake ulining'inia waya wenye mashati ishirini au thelathini, kila moja likiwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini. Vikaratasi hivyo havikuwa vyake. Vilikuwa vya wateja, ambao husahau nguo zao wenyewe.

Likizo ya mwisho wa mwaka ilipokaribia, mwanawe alimpigia simu. Alikuwa mwana wa pekee, meneja wa ghala la vifaa vya ujenzi katika mji mwingine, safari ya saa tano kwa basi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na katika miaka minne iliyopita alikuwa amemtembelea mama yake mara mbili, na mara zote mbili gari lilikuwa linaunguruma nje. Sasa alisema kwamba mwaka huu Mama angekuja kukaa kwao wiki mbili, apumzike, atunzwe. Dobi alifurahi, tusimfiche. Alikamilisha nguo zote za watu isipokuwa suti ya mwalimu mmoja, ambaye aliahidiwa kuikuta tayari shule zikifunguliwa, akafunga mlango, akapanda basi na mkoba mmoja.

Nyumba ya mwanawe ilikuwa juu, ngazi kumi na mbili kutoka uani. Huko kwake Dobi alipanda ngazi ishirini na moja hadi kwenye paa kuanika nguo, na beseni kichwani, mara tatu kwa siku asipoona mvua. Lakini mwanawe alimshika mkono kwenye ngazi ya kwanza, akamwambia, "Polepole, Mama," na Dobi akamtazama usoni. Ulikuwa uso wa mtu anayetenda wema na anayejiona akiutenda. Angemwambiaje amwachie? Kumwachia mtu akusaidie nako ni kumsaidia. Basi akamwegemea kidogo, na kwenye ngazi ya saba akasimama kana kwamba anavuta pumzi, ili mkono wa mwanawe usione umeshika bure.

Hapo ndipo alipoanza kujipalia makaa, yeye aliyeanza kazi kwa pasi ya makaa, na hakuhisi joto hata chembe.

Mkwe wake alikuwa afisa utumishi katika ofisi yenye wafanyakazi mia mbili. Alikuwa mwanamke mwema, asije mtu akadanganyika na haya masimulizi. Tatizo lake lilikuwa kwamba hakuamini jambo lolote lisilokuwa kwenye karatasi. Mahali fulani kwenye simu alisoma mawaidha kumi ya kuwa na subira na wazee wakati wa likizo, akayachapisha kazini kwake, akayabandika kwenye mlango wa jokofu. Sema nao polepole. Wape muda wa kujibu. Inama, macho yenu yawe sawa. Kando yake akabandika ratiba ya kumhudumia Mama, asubuhi hadi jioni, zamu kwa zamu, yake na ya bintiye wa chuo kikuu aliyekuwa likizoni. Jina la mwana mwenyewe lilionekana humo mara mbili: kumpokea Mama, na kumrudisha Mama.

Mkwe akaanza kuongea kwa sauti ya juu na ya taratibu, neno moja, pumzi, neno la pili. "Mama. Utakunywa. Chai?" Siku ya kwanza Dobi alijibu papo hapo, akaona mkwe ameduwaa kidogo, kama mtu aliyenyoosha mkono kumpa mwenzake kitu na mwenzake akawa tayari anacho. Ilimsikitisha. Siku ya pili akaanza kusubiri kabla ya kujibu. Alihesabu kimoyomoyo hadi tatu, ndipo akasema kwamba ndiyo, angekunywa chai. Mkwe aliangaza uso mzima. Chai yenyewe ililetwa katika kikombe cha plastiki chenye masikio mawili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilifika na Dobi akakaa akilisubiri jembe lake. Angemenya hata kitunguu. Baada ya chakula aliinuka kukusanya sahani, na mikono minne ikamrudisha kitini kwa upendo mkubwa. Alipoomba ufagio, mjukuu alicheka akambusu shavuni. Visu vilikuwa vimehamishiwa kabati la juu. Mboga zake zilikuja zimepondwa, ingawa meno yake yalikuwepo, yote isipokuwa mawili, na hayo mawili yalikuwa ya nyuma ambako hakuna anayeyadai.

Mjukuu alipewa zamu ya saa kumi alasiri, iliyoandikwa kwenye ratiba kuwa ni mazoezi ya kumbukumbu. Alileta albamu, akakaa karibu na bibi yake, akawa anaweka kidole kwenye picha na kuuliza, "Huyu ni nani, Bibi?" Dobi akawataja wote, majina, tabia, na nani alikuwa akijikopesha nguo za nani. Kisha kidole kikatua juu ya kijana mrefu mwenye suruali iliyonyooka mstari kama uzi. Alikuwa marehemu mumewe. Mstari ule ulipigwa na Dobi mwenyewe, asubuhi ya siku ile ile ya picha. Na binti huyu alizaliwa miaka mitano baada ya babu yake kuzikwa.

Dobi alitaka sana kusikia. Alitaka kujua ni nini kilichobaki cha mtu yule katika kichwa cha mtoto ambaye hakumwona, baba yake alimwambia nini, kama alimwambia lolote. Basi akasema, "Hebu niambie wewe, mjukuu wangu. Ni nani huyu?"

Binti aliondoa kidole kwenye picha. Kisha kwa sauti ya huruma tupu akamweleza kwamba huyo ni Babu, mume wake Bibi, kwamba alikuwa mrefu, na kwamba alikuwa mkarimu. Hakuwa na la zaidi. Dobi alisikitika kwamba maisha mazima yametoshea maneno mawili, na moja kati ya hayo ni urefu. Lakini aliitikia kwa kichwa, akashukuru. Binti akafunga albamu na kukimbilia jikoni, na muda mfupi baadaye huko jikoni wakasikika watu wakinong'ona.

Lililomshinda kabisa lilikuwa siku ya sita. Mkwe alitandika meza ya pasi sebuleni, akaanza kunyoosha shati la mumewe, na akaanzia mgongoni. Mgongoni! Kisha mikono, kisha kifua, na kola akaiacha mwisho, ili akiikunjua mgongo wote ukunjamane upya, kama mtu anayedeki kuanzia mlangoni kwenda ndani halafu akajiuliza atatokea wapi. Pasi ilikuwa ya moto kupita kitambaa kinavyohimili. Dobi alikaa juu ya mikono yake mwenyewe. Kusema angeweza, lakini hii haikuwa nyumba yake, shati halikuwa la mteja wake, na mama mkwe anayefundisha mtu kazi ndani ya nyumba ya huyo mtu anajulikana sifa zake dunia nzima. Akavumilia. Kola ilipoanza kunuka kuungua, machozi yakamtoka.

Mkwe alizima pasi, akaja akampangusa, akamkumbatia. Baadaye aliandika katika daftari lake la jalada la bluu: Analia bila sababu.

Daftari hilo Dobi aliliona kila siku na akalidhania la matumizi ya nyumbani. Siku ya nane, baada ya chakula cha mchana, akajua lilikuwa la nini. Mwanawe aliita kikao. Walikaa watatu upande mmoja wa meza na yeye upande wa pili, na mkwe akasoma taarifa kwa sauti yake ya ofisini, ile isiyopunguzwa mwendo, ambayo Dobi aliisikia kwa mara ya kwanza na kuipenda. Hawezi kupanda ngazi bila kushikwa. Anachelewa kuelewa maswali. Hafungi viatu mwenyewe, maana siku moja mjukuu aliinama kumfungia na yeye akamwachia, mtoto wa watu asione aibu. Hamkumbuki mume wake. Analia bila sababu.

Dobi alisikiliza na kushangaa, kwa sababu hapakuwa na uongo. Kila jambo lilitokea. Alikuwa amelileta yeye mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa adabu, kama mtu anayeingiza kuni ndani ya nyumba huku akisema hodi.

Kisha mwanawe akazungumza. Alisema Mama hawezi tena kuishi peke yake na kwamba hapa ndipo atakapokaa, katika chumba kile kile chenye dirisha, hadi Mungu atakapopenda. Alikuwa ameshampigia simu mwenye nyumba wa Mama. Vyumba vitaachwa mwisho wa mwezi, na kile cha mbele kilikuwa kimeshapata mpangaji, muuza simu. Jumatatu lori la ghala lingepita kuchukua vitu. Meza ya pasi wangempa mtu.

"Umefika nyumbani, Mama," alisema.

Wote watatu walikuwa wanalia. Dobi naye alilia, safari hii kwa sababu.

Alikuwa na siku tano, na mfa maji haachi kutapatapa. Akaamua kuwaonyesha kwamba anaweza. Kesho yake alfajiri alitandika kitanda, akapiga shuka mkunjo wa pembe kama wa hospitali, akavaa viatu na kuvifunga, akamwambia mjukuu aliyekuwa kitandani kwamba anakwenda sokoni. Mjukuu akasema "mm." Alishuka ngazi kumi na mbili, akaulizia njia, akafika, akachagua nyanya moja moja, akabishana bei na muuzaji hadi wakawa marafiki. Akarudi saa mbili asubuhi na kikapu, akitarajia angalau kusifiwa nyanya.

Alilikuta jiji zima limesimama, kwa kusema tu. Mwanawe alikuwa ameshazunguka mitaa sita kwa gari. Walinzi wa mtaa walikuwa wameamshwa. Kitanda kilichotandikwa vile kilikuwa kimemtia mkwe hofu kuliko yote, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kulala pale. Wakamkumbatia. Nyanya hazikutazamwa na mtu. Katika daftari iliingia: Ameanza kutangatanga. Na kuanzia siku hiyo geti la uani likawa na kufuli.

Basi akabakiwa na ukweli. Alimfuata mkwe wake jikoni, akakaa, akamweleza kila kitu bila kuhesabu hadi tatu. Kwamba ngazi anapanda. Kwamba aliwaachia tu, kwa kuwa walifurahi sana. Kwamba mume wake anamkumbuka mpaka kovu la goti la kushoto, na alipata wapi kovu hilo, na alidanganya vipi kuhusu kovu hilo. Kwamba shati linaanzia kwenye kola. Alizungumza vizuri. Katika maisha yake hakuwahi kuzungumza vizuri kuliko siku ile.

Mkwe alisikiliza hadi mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Akainama, macho yao yakawa sawa. Akamshika mikono yote miwili.

"Sawa. Mama," alisema. "Tunakuelewa."

Dobi alitazama juu ya bega lake, kwenye mlango wa jokofu, na miwani alikuwa ameivaa. Namba saba katika mawaidha ilisema kwamba mzee anaweza kuikana hali yake. Usibishane naye.

Hapo ndipo alipochukia. Alikuwa na subira ya miaka sabini na saba, na subira yavuta heri, wanasema, ila yake ilikuwa imevuta lori. Hakumchukia mkwe, wala mtoto. Alijichukia yeye, kwa kuwadekeza watu wazima hadi wakamzika mzima. Angesema "niache" kwenye ngazi ya kwanza, mwanawe angenuna nusu saa na ingekwisha. Wema wake ulikuwa umemgharimu nyumba.

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya lori, mwanawe alikuwa uani anaosha gari. Dobi alikuwa ameletwa chini na kuwekwa kwenye kiti kivulini, na shali miguuni. Aliliondoa shali, akalikunja mara nne, akaliweka pembeni.

"Mwanangu, funga maji."

Mwanawe akafunga bomba, akaja, akachuchumaa mbele yake kama mawaidha yalivyoelekeza.

"Nataka kurudi kwangu," Dobi akasema. "Sitaki kubishana. Nataka kurudi."

Mwanawe alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa na mvi nyingi kuliko alivyodhani Dobi. Kwa karibu hivi hakuwa amemtazama kwa miaka. Alisema kwamba anajua alikuwa mwana mbaya. Alisema hakuja, hakupiga simu, kila mara alisema wiki ijayo, na kila mwaka ulipokwisha aliona haya hata kusikia sauti yake. Sasa alitaka kulipa. "Nimechelewa, Mama. Lakini niache nikutunze. Usininyime hilo."

Dobi alimwonea huruma. Alimpenda vile vile kama siku alipomvika shati la kwanza la shule, na wakati huo huo alitamani kumzaba kibao, na alishangaa jinsi mambo hayo mawili yalivyokaa pamoja bila kusukumana.

"Hukuchelewa," akamwambia. "Mimi nipo. Chumba sihitaji, ninacho. Njoo wewe. Jumapili moja kwa mwezi. Uje, ukae, tuongee, uondoke. Usiniletee kitu."

Mwanawe alicheka kwa huzuni, akatikisa kichwa. "Mama, kazi yangu unaijua. Jumapili moja kila mwezi nitaipata wapi?"

"Basi, baba, kama Jumapili moja kwa mwezi huna," Dobi akasema, "siku zote hizo unazotaka kunipa hadi nife utazitoa wapi?"

 Mwanawe alitazama juu, kwenye dirisha la jikoni, ambako mkewe alikuwa anaponda mboga za mtu asiye mama yake, na bintiye anasubiri zamu yake ya saa kumi. Kuchuchumaa kulimliza magoti, akalazimika kushika mkono wa kiti ili asimame. Dobi hakumharakisha.

Kisha akatoa simu, akampigia mwenye nyumba pale pale, mama yake akisikia. Akasema kulitokea kosa, vyumba haviachwi, samahani kwa muuza simu. Akampigia msimamizi wa magari wa ghala, akasema lori Jumatatu lisiende popote. Akamwambia mama yake kwamba kesho yeye mwenyewe atamrudisha. Dobi alisema asante.

Lakini mwanawe hakuiweka simu mfukoni. Aliifungua kalenda, akaanza kutafuta, kidole kikisukuma taratibu. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kuhesabu mali ya ghala, Jumapili zote. Wa pili kulikuwa na semina mbili, harusi ya mtoto wa mkurugenzi, na kikao cha maandalizi ya harusi hiyo hiyo. Wa tatu wakaguzi. Alirudi nyuma akatazama tena, kama mtu aliyepoteza ufunguo anavyopekua mfuko ule ule mara ya tatu. Povu lilikuwa limeanza kukauka kwenye gari. Sura ilimbadilika, na Dobi aliona kwamba sasa anaziona mwenyewe hizo Jumapili, zote, zikiwa zimepangwa, na hakuna iliyokuwa yake.

"Mwezi wa nne," alisema hatimaye. "Jumapili ya pili. Asubuhi."

"Mwezi wa nne ni mzuri," mama yake akasema. "Iandike, mwanangu. Usije ukasahau."